Boma na Bomba

Ukimletea bomba jipya la kujazia upepo, hakulitazama. Alilipokea huku macho yake yako kwingine, kwa maksai wangu kwa mfano, ambao hakuwapenda hata kidogo, akaivuta fimbo yake mpaka juu, akaziba mdomo wa mpira kwa dole gumba, akasukuma chini. Halafu akaachia. Fimbo ikipanda yenyewe na kumrudishia mkono, aliguna. Ikibaki chini imelala, alimrudishia mwenyewe bomba lake bila neno, na mwenyewe aelewe. Wazungu wenye baiskeli walitoka mbali, wengine ng'ambo ya Mlima Meru, kuja kugunwa hivyo.

Tulimwita Fundi. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani sitaeleza, maana nilichojua ni kwamba alitoka pwani, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mimi nilikuwa mtu wa maksai. Shamba lilikuwa Makumira, la kahawa pamoja na miti michache ya mpira, mali ya Mjerumani mmoja ambaye wote tulimwita Bwana. Na Bwana alikuwa na motokaa. Siku hizo ukisema motokaa katika nchi ya Meru hukuwa na haja ya kusema ya nani. Kazi ya Fundi ilikuwa kuisimamisha motokaa ile juu ya magurudumu yake, na magurudumu yenyewe yalikuwa ya upepo, na nchi nzima kutoka Usa mpaka Njiro ilikuwa miiba ya migunga. Kazi yangu ilikuwa kuja na maksai sita kuivuta pale kazi yake iliposhindikana. Kwa hiyo tulijuana sana, kama wanavyojuana mganga na mchimba kaburi.

Mpira ukitoboka hakuwa na haraka. Bwana angepiga kelele, angezunguka motokaa mara tatu akitukana kwa lugha yake, Fundi angekuwa amechuchumaa tu, anautoa mpira wa ndani taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Akiwa na beseni la maji, aliuzamisha kipande kwa kipande mpaka povu lionekane. Akiwa hana maji, aliupitisha mpira karibu na mdomo wake wa juu, macho amefumba, akisikiliza kwa ngozi. Hapo alitukataza kuzungumza. Hata maksai walitakiwa wanyamaze, na mimi ndiye niliyelaumiwa wasiponyamaza.

Akiliona tundu alilizungushia alama ya mkaa. Halafu, badala ya kuliziba, alisema neno ambalo shamba zima tulikuja kulisema kwa kumwigiza, hata wanawake kwenye mavuno ya kahawa: "Na la pili?" Akaanza upya kuutafuta mpira wote. Alisema mwiba wa mgunga hauingii peke yake, na kwamba mtu anayeziba tundu la kwanza akaridhika atalala njiani. Mara nyingi hakukuwa na la pili. Alilitafuta hata hivyo, na Bwana akazidi kutukana. Lilipopatikana, Fundi hakujisifu wala kumtazama mtu, alichukua tu jani la msasa akaanza kukwangua mahali pa kuweka kiraka.

Kuhusu mabomba alikuwa na maneno zaidi. Aliwahi kuja Mzungu mmoja kijana na mabomba mawili aliyoazimishwa kwenye duka la Mhindi mjini ayajaribu, moja fupi nene linalong'aa kama sinia la harusi, na jingine refu jembamba la rangi ya masizi.

"Lipi zuri?" akauliza.

Fundi akayapima yote mawili kwa dole gumba. "Hili nene," akasema, "litakujazia nusu ya kwanza upesi mpaka ucheke. Nusu ya pili litakutoa machozi. Hutaweza kulisukuma, hata ulikalie. Hili jembamba litakuchosha tangu mwanzo, lakini litamaliza."

"Lakini hili linang'aa."

"Linang'aa, Bwana. Ndiyo maana nimekueleza."

Yule kijana akachukua linalong'aa. Haikupita miezi mingi tukamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa Usa, anaisukuma baiskeli, uso mwekundu. Nilijiandaa kusikia Fundi akimkumbusha. Wapi! Alimletea maji ya kunywa, akamjazia tairi kwa bomba lake mwenyewe, refu jembamba, akamsindikiza mpaka barabarani. Hakusema hata moja. Yule Mzungu angeona heri angetukanwa.

Na ndani ya bomba, alinifundisha siku moja akilifungua, uhai wote ni kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe. Ngozi ikikauka, upepo unapita pembeni na wewe unasukuma kwa faida ya hewa. Kwa hiyo aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Mafuta yenyewe alikuja kuyaomba kwangu, na mke wangu alikuwa akiniuliza kwa Kimeru, mgeni akiwa amesimama palepale mlangoni, kama yule mtu wa pwani anakula mafuta au anajipaka. Fundi alijibu kwa Kimeru kilichovunjika vunjika kwamba anamlisha mke mdogo. Mke wangu alicheka siku nzima. Tangu hapo akawa anakula kwetu, si mara moja moja, bali kila alipotaka.

Hicho Kimeru chake kilikuwa cha kuchekesha, na yeye hakujali. Lakini Kiswahili chetu alikikamata kama polisi. Ungesema "mimi nataka kuenda," angekusimamisha palepale na gogo begani: "Kwenda. Sema kwenda. Sasa kwenda zako." Sisi watu wa mlimani, Kiswahili tulikiokota barabarani na bomani, neno hapa neno pale. Kile chombo chake tulikiita kipulizo, kwa kuwa kinapuliza. Yeye alikiita bomba. Nilipoanza kazi pale nilikuwa sijalisikia neno hilo, na hapo ndipo penye habari yangu yote.

Maana naweza kueleza tabia zake mpaka kesho: kwamba aliogopa ng'ombe lakini hakuogopa chui, kwamba alisali sala zake zote na bado alikunywa kahawa ya Bwana jikoni bila ruhusa, kwamba mtoto akimletea msumari alioukuta njiani alimpa andazi. Lakini mtu akiniuliza Fundi alikuwa mtu wa namna gani, kinachonijia kwanza ni ile asubuhi ya kila siku pale bandani, na nyapara akipita.

Nyapara wetu alikuwa Mmeru mwenzangu, mtu wa misheni, mrefu, mnyofu kiasi cha kuudhi. Kwa umri alikuwa mdogo kwa Fundi kwa mbali. Kila asubuhi alipita mbele ya banda la motokaa kwenda kuwahesabu watu wa kahawa, na kila asubuhi alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, Fundi."

Fundi hakuitika.

Si kwamba aliitika chini chini au aliguna. Hakuitika kabisa. Kama alikuwa anajaza upepo aliendelea kujaza, kama alikuwa anakunywa uji aliendelea kunywa. Nyapara alingoja kidogo, muda ule ambao mtu huwapa wakubwa, halafu akaenda zake. Nami niko pale pale nafunga nira za maksai, nasikia yote. Jambo hili lilikwenda miaka. Na salamu yenyewe ni Fundi aliyemfundisha, zamani walipokuwa marafiki, akamwambia mkubwa husalimiwa hivi na huitika hivi.

Niliwahi kumwambia nyapara, "Si uache tu? Hakuitikii, na wewe unajiaibisha mbele ya watu."

Akasema, "Mimi kazi yangu ni kusalimu. Kuitika ni kazi yake."

Sasa nitasema sababu, na nitaisema yote, maana nimekaa nayo vya kutosha.

Mwaka nilioanza kazi, Bwana alisafiri kwa farasi kwenda Moshi kupokea wageni wa garimoshi. Aliacha amri moja, na nyapara alitusomea tukiwa tumepanga mstari: motokaa isitoke bandani. Amri ilimlenga Fundi hasa, kwa kuwa Bwana alikuwa amemwahidi kwamba mvua zikiisha atamfundisha usukani. Hilo ndilo Fundi alilolitaka katika dunia hii. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma muda mrefu, na beseni na viraka vyake mapajani, akitazama mikono ya Bwana, na alikuwa amekwisha kujua kila kitu kwa macho. Kilichobaki ni mikono. Angekuwa dereva wa motokaa ya pekee katika nchi yote ile, naye alijua hivyo na alitembea kama mtu anayejua hivyo.

Na mimi nikamchokoza. Nilisema, "Hiyo motokaa yako haijawahi kufika mjini bila ng'ombe wangu."

"Panda," akasema.

Nikapanda. Sikuwahi kukaa juu ya kitu kinachokwenda bila miguu, na sitaficha kwamba nilishika kiti kwa mikono miwili nikamwita mama yangu. Lakini aliendesha! Aliendesha vizuri kuliko Bwana. Tukapita Tengeru, kuku na mbuzi wanaruka, akina mama wanaacha mitungi yao njiani, na Fundi amekaa wima, kofia yake nyeupe, hacheki wala hatazami pembeni. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha akiwa amenuna kiasi kile.

Tulipovuka mto Nduruma na kusogea kidogo, tairi la mbele likapiga mlio na motokaa ikainama kama ng'ombe anayepiga goti. Fundi akashuka bila wasiwasi. Alikuwa na viraka, alikuwa na gundi na jani la msasa, na maji tumeyaacha nyuma hatua chache. Akautoa mpira, akatafuta tundu, akatafuta la pili, akaziba. Halafu akanyoosha mkono kiti cha nyuma kuchukua bomba. Halikuwapo. Asubuhi ile alikuwa amelifungua kupaka ngozi mafuta, na akaliacha juu ya meza bandani.

Hapo nilimwona akibadilika. Bwana alikuwa anategemewa jioni. Akaingia chini ya motokaa kushikiza kitu, na akiwa amelala kifudifudi huko, miguu tu inaonekana, akanipigia kelele: "Kimbia! Kalete bomba! Haraka kabla Bwana hajarudi!"

Mimi nikasikia boma.

Msinicheke kwanza. Neno bomba sikulijua, na boma nililijua sana. Boma kwetu haikuwa ile nyumba nyeupe ya kuta nene pale mjini tu. Boma ilikuwa serikali yenyewe. Tulisema boma imekuja, boma imekasirika, boma inataka watu wa barabara. Mtu akisema kalete boma, anasema kaite serikali. Nilishangaa, kweli. Ni mtu gani anayeita boma kwa hiari yake? Lakini nikajiambia, huyu ni mtu wa pwani, amekaa na Wazungu, labda ndivyo motokaa inavyofanyiwa ikiharibika. Hata hivyo niliuliza, Mungu ni shahidi wangu.

"Boma?" nikasema.

"Ndiyo, bomba! Mbio!"

Nikapiga mbio kuelekea mjini. Sijawahi kukimbia vile, wala kabla wala baada. Nilifika bomani roho iko mkononi, nikamwambia askari wa lango kwamba Fundi wa motokaa yuko Nduruma, anaita boma.

"Anaita nini?"

"Boma."

"Boma haiitwi," akasema. "Boma inaita." Lakini akaingia ndani, na baadaye wakatoka askari wawili na kamba, wakanipita bila kuniuliza chochote. Mimi nikanywa maji, nikawafuata kwa nyuma nikichechemea, maana nilikuwa nimechomwa mwiba.

Nilipofika kwenye kona nikawaona. Fundi alikuwa amefungwa mikono nyuma. Bwana yuko Moshi, motokaa yake iko Nduruma, na mtu mweusi yuko peke yake nayo bila barua. Kwa askari hesabu ile haikuwa ngumu. Nikamsikia Fundi akiuliza, "Nani amewaita?" Na askari mmoja akamjibu, "Mtu wa shamba lenu." Nikachuchumaa kwenye migomba. Walimpitisha karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumshika kanzu. Sikutoka. Nilirudi Makumira kwa njia ya juu, usiku umeingia.

Alipigwa hamsa ishirini, ndiyo viboko ishirini na vitano, uani bomani. Kisha akatiwa mnyororo, akabebeshwa mawe ya barabara. Bwana hakumwombea, ila mpira ulipotoboka mara tatu katika wiki moja na hakuna aliyejua la kufanya, alikwenda mwenyewe kumtoa. Akamrudisha bandani, na akamwambia mbele yetu sote kwamba akigusa usukani tena hatapelekwa bomani, atapigwa risasi. Kwa hiyo hakuwa dereva. Bwana akaendelea kuendesha mwenyewe, vibaya, na Fundi akarudi kiti cha nyuma na beseni lake.

Nilijua kosa langu kabla hajarudi. Siku ya pili ya kukamatwa kwake tu nyapara alisimama uani akauliza kwa sauti, "Bomba la motokaa liko wapi?" Na mtu mmoja akatoka bandani amebeba kile kipulizo. Nilikitazama. Nikalirudia lile neno moyoni, mara moja, mara mbili, nikakaa chini palepale kwenye samadi.

Ningeweza kusema siku Fundi aliporudi. Alikuja kwangu kwanza, anatembea kama mzee, akakaa ubavu kwa sababu hakuweza kukaa vinginevyo. Akaniuliza kwa upole tu, "Ndugu yangu, siku ile bomba ulikwama nalo wapi?"

Nikasema, "Nilikuta stoo imefungwa."

"Bomba lilikuwa mezani bandani."

"Labda lilitiwa stoo. Imefungwa, nikashindwa, nikaogopa kurudi mikono mitupu."

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

Hakukuwa na haja ya jibu, ufunguo wa stoo alikuwa nao nyapara na kila mtu alijua. Nyapara alituona tukitoka na motokaa, na alikuwa ametupigia kelele kwamba amri ni amri. Fundi alitikisa kichwa polepole, akala chakula cha mke wangu, akashukuru. Kesho yake nyapara alipita akasema shikamoo, na mambo yakaanza.

Nyapara naye alikuja kwangu. Alijua amesingiziwa, hakujua na nani. "Wewe ulikuwa naye," akasema. "Nani aliita askari?" Nikasema sijui. Alinitazama kwa macho yale ya misheni, nikazidi kusema sijui. Niliogopa hamsa ishirini zangu, hilo ni kweli, lakini hofu ile ilikwisha baada ya mwaka. Kilichobaki ni aibu. Fundi alikula kwangu, alicheza na watoto wangu, alinifundisha Kiswahili hiki ninachowaandikia. Ningesema, ningempoteza. Nisiposema, nyapara ataendelea kusalimia ukuta. Nikachagua, kila asubuhi, huku nafunga nira.

Ndiyo maana nasema sikupata kumwelewa. Mtu aliyekuwa na subira na mpira wenye viraka kumi na tisa, asiyekubali kuutupa, mtu huyo huyo kwa mwenzake hakuwa na kiraka. Niliwahi kujaribu kumgeuza. Nikamwambia, "Pengine si nyapara. Pengine askari walipita tu." Akasema, "Walinijibu kwa kinywa chao, mtu wa shamba lenu." Nikasema shamba lina watu wengi. Akasema, "Tundu nimeliona," na akaendelea kusugua chuma.

Halafu vita vikaja. Meli za Wajerumani hazikufika tena, na mipira haikufika. Hapo ufundi wake ulikuwa wa kutazamwa. Alipasua miti ya mpira ya Bwana akatengeneza gundi kwa utomvu wake, na gundi ilipokataa, akajaza matairi majani makavu, kisha maganda ya migomba yaliyosokotwa, kisha nywele za mikia ya maksai wangu, nami nikagombana naye kwa hilo wiki nzima. Motokaa ilikwenda ikirukaruka na kuacha majani njiani. Bomba lilikaa mezani. Alilipaka mafuta kila Ijumaa, ingawa upepo haukuwa na mahali pa kukaa.

Nyapara alichukuliwa na boma kubeba mizigo ya askari. Siku ya kuondoka alipita bandani kama kawaida. "Shikamoo, Fundi." Akangoja kidogo zaidi ya siku zote. Kisha akajiunga na wenzake. Alirudi baada ya miezi akiwa mifupa mitupu na homa, akafa kabla mke wake hajamaliza kumpikia mtori wa kumrudishia nguvu. Tukamzika mgombani kwake, mchungaji akasoma, shamba zima likaja. Fundi hakuja. Niliporudi nilimkuta bandani anasukuma bomba lisilofungwa kwenye kitu, juu chini, juu chini. Nikapita kwenda kwa maksai wangu.

Mara ya mwisho ninayoikumbuka vizuri ni siku Bwana alipokimbia. Mizinga ilikuwa ikisikika upande wa Moshi, na watu wa boma walikuwa wakifunga masanduku. Motokaa ilikuwa juu ya magogo, matairi yake yamekwisha kabisa. Bwana akachukua mkokoteni na maksai wangu sita, akapanda juu ya magodoro yake, akaondoka bila kutuaga. Wale ng'ombe aliowadharau ndio waliompeleka.

Nikaingia bandani. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya usukani. Hakuwapo wa kumpiga risasi. Alinionyesha kiti kwa kichwa, maana yake panda. Nikapanda. Tukakaa, mtu wa maksai asiye na maksai na mtu wa matairi asiye na matairi, tunatazama ukuta.

"Sasa inakwenda vizuri," akasema. "Haitoboki."

Nikaona sitapata siku nyingine. "Fundi," nikasema, "siku ile ya Nduruma ulinituma nini?"

"Bomba."

"Mimi nilisikia boma."

Hakugeuka. "Sema tena."

"Nilisikia boma. Nikaenda nikaileta."

Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akaupiga usukani kwa kiganja. "Ukaileta! Namtuma mtu bomba, ananiletea boma nzima!" Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi, kwa sababu nilikuwa nimekaa nalo miaka na lilikuwa limetoka.

Ghafla akaacha. "Na stoo?"

"Sikufika stoo. Niliitunga tu ile habari."

"Na nyapara?"

"Nyapara alikuwa kwenye kahawa na watu wake. Hakujua lolote la askari."

Aliondoa mikono kwenye usukani, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani. Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Mipira yote hii nimeuliza la pili. Ule mmoja sikuuliza." Na baada ya muda, "La pili nilikuwa nakula kwake kila siku, na mimi ndiye mgeni."

"Nisamehe, Fundi."

"Wewe tutazungumza. Sijui lini. Amelala wapi?"

"Kwake. Mgombani."

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu. Mjane wa nyapara alikuwa anapalilia karibu na nyumba, akatuona, akasimama na jembe lake bila kutukaribisha, na sikumlaumu. Kaburi lilikuwa na mawe pembeni na msalaba wa mti wa kahawa. Fundi akasimama mbele yake, akaweka mikono nyuma, vilevile kama nyapara alivyokuwa akisimama mlangoni pa banda.

"Marahaba," akasema.

Akangoja kidogo. "Marahaba," akasema tena. Akangoja. "Marahaba." Hakuharakisha, alisema moja, akaipa muda wake, akasema nyingine, na jua likawa linasogea kwenye migomba na yeye hajamaliza.

Mjane alinisogelea. "Mbona anaitika?" akaniuliza kwa Kimeru, chini chini. "Nani amemsalimu?"

"Mume wako," nikamwambia. "Kila asubuhi."